Heko kwa makanika wa Kamenu

Beko, tinga la kuchimba na kupakia udongo, inanguruma, ndoo inapanda na kushuka, lakini magurudumu hayasogei hata hatua. Mwenye mali tayari anahesabu bei ya giaboksi. Hapo ndipo makanika wa jua kali wa Kamenu, hapa Thika, anapoonyesha thamani yake: hafungui kitu. Ndoo ikipanda, injini na pampu ya haidroli ni nzima. Anachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, anaisugua kati ya vidole, anainusa. Ikinuka kuungua, klachi za ndani zimeliwa. Ikiwa safi, anahamia kwenye waya. Beko nyingi hukata mwendo zenyewe handibreki ikivutwa. Swichi yake ikiharibika, mashine hudhani handibreki bado imevutwa. (Na vumbi letu jekundu huingia kwenye swichi bila kupiga hodi.) Kisha fyuzi, kisha solenoidi za gia ya mbele na ya nyuma, kisha presha ya oili. Giaboksi ni mwisho kabisa.

Naupenda mpango huo, kuanzia kisichogharimu hadi kinachofilisi. Nimeona madaktari wenye pupa kuliko makanika hawa. Kwa hivyo, mwenye beko, makanika akibadilisha fyuzi moja tu, usimpunje. Mlipe akili yake.