Kioo Kilichoyeyuka: Tafsiri Moja na Istilahi za Kurunzi

Hivi karibuni niliwekewa mezani karatasi ya maelekezo ya kurunzi yenye nguvu nyingi, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na mtu ambaye sitamtaja. Sarufi yake haina dosari na lugha yake yasomeka vizuri. Hata hivyo, msomaji akiifuata ataiharibu kurunzi yake, na yumkini ataunguza meza. Lawama si ya mfasiri peke yake. Sehemu yake twaibeba sisi tuliokabidhiwa kazi ya istilahi.

Kurunzi yenyewe ni ya namna iliyopendwa sana na mafundi wa kujifurahisha huko Marekani, hasa katika miaka ya 2000, kabla ya diodi kuishinda balbu ya waya. Walichukua kurunzi ya bomba la alumini, mathalani Maglite iliyoanza kuuzwa mwaka 1979, wakaitoa balbu yake ya wati chache na kuweka ya halojeni ya wati 35, au hata 100. Balbu ya waya hugeuza chini ya sehemu moja ya kumi ya umeme kuwa mwanga uonekanao. Karibu yote yaliyosalia huwa joto. Isitoshe, ukuta wa balbu ya halojeni sharti ufikie kiasi cha nyuzi 250 za sentigredi ndipo balbu ifanye kazi ipasavyo. Sehemu za plastiki zilizoundwa kwa ajili ya balbu ndogo haziwezi kulistahimili joto la jirani wa namna hiyo.

Sasa tuitazame tafsiri. Humo neno “kioo” limetumika pote, mara kwa kile kifuniko cha mbele kipitishacho mwanga, mara kwa lile bakuli ling’aalo nyuma ya balbu. Msomaji anaambiwa kwamba kioo kikiyeyuka abadilishe kioo. Kipi? Kosa hili lina asili yake katika lugha yetu: kioo ni kitu tunachojitazamia, na pia ni maada tunayoonea ng’ambo. Nyumbani utata huo hauna madhara, kwani hakuna atumwaye kununua kioo cha dirisha akarudi na cha kunyolea. Lakini ndani ya kichwa cha kurunzi viwili hivi vimekaa pamoja, kimoja chapitisha mwanga na kingine chaurudisha, na huharibika kwa namna mbalimbali.

Wako wenzangu wanaotaka kile cha mbele kiitwe “lenzi”. Siafiki. Mwalimu wa fizikia amekwisha kuwafundisha wanafunzi wake kwamba lenzi hukusanya miale au huitawanya, ilhali kifuniko hiki ni bapa na hakifanyi lolote kati ya hayo. Wasemao Kiingereza huita lenzi kwa mazoea tu, na sioni sababu ya kuagiza uzembe wa wengine pamoja na bidhaa zao. “Kifuniko angavu” chatosha, kiwe cha kioo au cha plastiki. Kile cha nyuma kiitwe “kiakisi”, kutokana na kitenzi akisi. “Reflekta” haitufai, kwa kuwa barabarani kwetu imekwisha kuwa jina la kile kikoti king’aacho.

Kosa kubwa zaidi ni la kitenzi. Kila uharibifu umeitwa “kuyeyuka”. Barafu huyeyuka, na alumini huyeyuka ifikapo nyuzi 660. Akriliki haina nukta yake ya kuyeyuka. Hulainika katika nyuzi 105 hivi, na polikaboneti karibu na 150. Kiakisi kilicholainika hupindika, na duara la mwanga likapotoka. Juu ya plastiki yake kuna tabaka jembamba mno la alumini lililopakwa kwa mvuke ndani ya chombo kisicho na hewa. Tabaka hilo hutoka malengelenge, kisha likabambuka. Kifuniko angavu nacho chaweza kugeuka manjano, au kuungua doa moja tu pale palipogandiwa na uchafu mweusi unaonyonya joto. Kulainika, kupindika, kutoka malengelenge, kubambuka, kuungua: maneno yote haya bibi zetu waliyatumia kwa ngozi, kuta na vyungu. Mfasiri alikuwa nayo kinywani akayaacha.

Na matokeo yake ni haya. Karatasi yashauri kiwekwe “kioo kisichoyeyuka”. Kioo chochote cha dirisha hakitayeyuka kwa balbu ya kurunzi! Basi msomaji atamwendea fundi wa madirisha akatiwe kipande, na tone la kwanza la mvua likiangukia kioo kilichopata moto, kitapasuka. Kilichohitajika ni kioo cha borosilikati, ambacho kwa kila nyuzi moja hutanuka karibu theluthi tu ya kioo cha kawaida. Tukiite “kioo kistahimili joto”, maana sifa inayotafutwa ni kustahimili, wala si kutoyeyuka.

Onyo la mwisho lanikera kuliko yote. Kurunzi iwakayo isisimamishwe juu ya uso wake, kwani joto hukosa pa kutokea. Mfasiri ameandika kwamba kurunzi “isigeuzwe”. Mtu ataishikaje bila kuigeuza? Kiswahili kina neno moja lisilo na shaka, nalo ni kifudifudi.

Limebaki tatizo ambalo sijalipatia jibu. Kurunzi nyingi za diodi zina kipande kimoja cha plastiki angavu ambacho katikati hukusanya miale kama lenzi, na pembeni huirudisha kwa uakisi kamili wa ndani. Nimejaribu “lenzi-akisi”, lakini mwalimu mmoja wa fizikia amekwisha kuniandikia kulipinga, na hoja zake si dhaifu.