Kiraka cha Zege Rwamishenye

Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi huingia kutoka ziwani usiku au alfajiri, fundi akiwa bado hajapanda juu. Mwenye bati hana habari. Mwenye paa la zege, lile la bapa lenye tangi la maji juu yake, ndiye anayejua ni mtihani gani. Na Rwamishenye, kama mitaa mingine ya mji huu, ina sababu ya ziada ya kuzichunguza slabu zake: tetemeko la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilipita hapa vuli ikikaribia.

Mwenye haraka hujaza ufa kwa simenti, hupaka lami, hushuka, hulipwa. Mimi nampenda yule mwingine, anayeanza kwa kubomoa.

Huligonga zege kwa nyundo akisikiliza. Panapolia wazi, hapo pamekufa, na tindo huingia mpaka palipo pazima. Kingo za shimo huzikata wima, zishuke walau sentimita moja, maana kiraka kilichochongoka pembeni hadi kuwa chembamba kama karatasi humeguka kabla ya mwaka kuisha. Husugua kwa brashi ya waya, huondoa vumbi lote, kisha hulowesha. Zege kuukuu lina kiu; usipolinywesha kwanza, litanyonya maji ya udongo mpya wa simenti. Lakini maji yasituame juu: anataka shimo lililoiva maji ndani na lisilong'aa usoni. Hapo ndipo husugulia uji wa simenti kwa brashi na kushindilia udongo mkavumkavu kabla uji haujakauka.

Halafu magunia. Zege haliwi gumu kwa kupoteza maji. Huwa gumu kwa sababu simenti inayatumia na kugeuka jiwe jipya. Kiraka chembamba kiko hatarini kuliko slabu nzima: chini kinanyonywa, juu kuna jua la karibu na ikweta na upepo wa ziwa. Kwa hiyo magunia hulowa asubuhi, mchana na jioni, nailoni juu yake, siku saba. Kufikia hapo zege la kawaida huwa na kama theluthi mbili ya nguvu litakayokuwa nayo siku ya 28. Zipo dawa za kupulizia zinazofungia maji ndani, lakini nyingi huacha ngozi ambayo lami haiishiki. Gunia haliachi kitu.

Siku ya nane mambo hugeuka, na hapa ndipo ninapoiheshimu kazi hii zaidi. Maji yaliyobembelezwa wiki nzima sasa ni adui. Utando wa lami huyeyushwa kwa moto wa gesi. Unyevu uliobaki chini hugeuka mvuke unaotaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji, na utando huvimba kama andazi. Dodoma kusubiri zege likauke ni kazi nyepesi, tabu ni kulimwagilia. Bukoba ni kinyume: mvua humsaidia fundi wiki ya kwanza, kisha hukataa kuondoka.

Mwenye nyumba amesikia habari za siku 28 na anazihesabu.

"Fundi, leo si tunapaka?"

"Bado, waitu. Jana limenyeshewa."

Fundi yuko sahihi. Siku 28 ni kipimo cha nguvu, si cha ukavu. Kila mvua huirudisha saa nyuma. Hivyo huinua turubai juu ya nguzo fupi ili hewa ipite chini yake. Akililaza juu ya zege, atakuwa amelifunika litoe jasho. Kisha hubandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, pande zote nne kwa utepe wa gundi, hukiacha usiku kucha, saa 16 au zaidi. Kukiwa na matone chini yake, au zege limekuwa jeusi, anasubiri tena. Hukwaruza kiraka kwa msumari pia: kikitoa unga, hakipakiki.

Si kila dawa ya kuzuia maji inataka ukavu. Zile za unga wa simenti hushika vizuri zaidi zege likiwa na unyevu, na aliyengoja zege likauke wiki nzima amepoteza muda wake bure. Ndiyo maana fundi huyu husoma maelezo ya kopo kabla ya kutaja siku ya kazi. Akiweza kuchagua, huipanga Juni hadi Agosti, mvua inapopungua.

Utando ukishakaa, fundi huziba mdomo wa bomba la kutolea maji na kuijaza slabu sentimita chache kwa saa 24. Mwenye nyumba hupanda kutazama maji yake. Fundi yuko chini na tochi, anapapasa dari pale kingo za kiraka zinapokutana na zege la zamani.