Elan Iliyovutwa kwa Pua

Waliolitazama gari jipya la Lotus, Elan M100, lilipofunuliwa mwaka 1989, wakaridhika na umbo lake fupi na pana alilolichora Peter Stevens, hawakupewa wasaa mrefu wa kuridhika. Kwa kuwa boneti ilipoinuliwa palionekana injini iliyolazwa kukingama, giaboksi ubavuni pake, na shafti mbili zikitoka hapo kuyaendea magurudumu ya mbele, ilhali kila gari la barabarani lililopata kutoka katika kiwanda hicho tangu enzi za mwasisi wake Colin Chapman lilisukumwa kwa nyuma. Natoa hukumu yangu mapema, ili asiyeafikiana nami asijisumbue kusoma: kwa tendo hilo moja jina la Elan lilikwisha tumiwa visivyo.

Elan ya kwanza, ya mwaka 1962, haihitaji wakili. Chasisi yake ilikuwa uti wa mgongo wa bati la chuma lililokunjwa, mwembamba katikati na wenye panda kila ncha. Juu yake bodi ya faibaglasi iliyosimamiwa na Ron Hickman. Injini yenye kamshafti mbili juu ya bloku ya Ford, nguvu za farasi 105. Breki za diski pande zote nne. Na gari zima uzito wake haukufika kilo 700. Ilikuwa na aibu zake, na sioni haja ya kuzisitiri. Taa za zile za mwanzo ziliinuliwa kwa nguvu ya ombwe lililohifadhiwa ndani ya boriti ya mbele ya chasisi yenyewe, hata kutu ikitoboa kitundu cha ncha ya sindano, taa zilianza kusinzia njiani usiku kama mlinzi aliyeshiba. Na zile donati za mpira katika shafti za nyuma zilijisokota klachi ilipoachiwa, zikajifungua, zikajisokota tena, gari likaondoka kwa kushtukashtuka mithili ya dau katika mawimbi mafupi. Lakini hizo zilikuwa aibu za spana. Fundi mwenye subira alizimaliza kwa siku moja. Aibu ya mrithi wake haina spana.

Wahandisi wa Hethel, makao ya Lotus, walikuja na hoja, nayo yastahili kutajwa kwa insafu: kwamba kwa uzito ule na kwa tairi za upana ule, gari linalovutwa mbele humfikisha dereva aendako upesi zaidi na kwa salama zaidi, lami ikiwa kavu au imelowa. Sikatai. Treni nayo hufika, tena kwa salama. Swali halikuwa kufika. Aliyenunua Elan hakuwa na haraka ya kufika, alikuwa na raghba ya kona zilizo kati ya nyumbani kwake na huko aendako, na mara nyingi huko aendako hapakuwa na haja yoyote.

Tuitazame kona hiyo basi. Tairi imejaliwa kiasi kimoja tu cha kushika lami, na kile inachokitoa katika kuvuta hukikosa katika kugeuza. Chapman aligawa kazi: ya mbele ikashika njia, ya nyuma ikasukuma; na dereva aliyekwisha iingiza pua yake konani, akakanyaga mafuta, alihisi uzito ukirudi nyuma, kiuno cha gari kikichuchumaa, na mkia ukitaka kutoka kidogo, kiasi cha kurudishwa kwa upana wa vidole viwili vya usukani, hata kanyagio la mafuta likawa kwake usukani wa pili. Dereva yuleyule akiingia kona ileile kwa M100 na kukanyaga, uzito unarudi nyuma vilevile, kwa maana maumbile hayabadilishwi kwa azimio la wakurugenzi. Ila safari hii unayakimbia magurudumu yaleyale yaliyobebeshwa nguvu za farasi 165 na kuamriwa kugeuza kwa wakati mmoja. Turbo inaamka, pua inaanza kuielekea kingo ya nje, na dawa iliyobaki ni kuachia mafuta na kungoja. Pua hiyo ilishika kuliko pua nyingi, na mpaka wake ulikuwa mbali. Lakini mpaka ukifikiwa dereva hana la kusema, na mimi sijapata kumwona mtu akinunua gari la wazi la viti viwili ili apate kungoja.

Udhuru wa pili ndio uniudhio zaidi. General Motors waliinunua Lotus mwaka 1986, Isuzu ilikuwa jamaa wa nyumba hiyo, na injini yake ya sentimita za ujazo 1,588 ilikuja pamoja na giaboksi yake katika fungu moja la kuvuta mbele. Ikanenwa basi kwamba fungu likija hivyo, gari nalo huwa hivyo. Hiyo ni kauli ya karani wa ununuzi. Fiat walilitwaa fungu la namna hiyo mwaka 1972, wakaliweka nyuma ya viti, wakapata X1/9; Toyota wakafanya mfano wa hayo katika MR2 mwaka 1984; na Hethel kwenyewe palikuwa na Esprit yenye injini katikati, na Excel yenye injini mbele na msukumo nyuma. Milango yote miwili ilikuwa wazi, wakapita dirishani. Chapman naye aliokota vya watu maisha yake yote, lakini alivikalisha alipotaka yeye.

Najua barua zitakazokuja, maana huja kila niligusapo jambo hili. Zitanikumbusha Erik Carlsson na Saab 96 yake, iliyovutwa mbele, katika mbio za Safari za 1964, alivyoibingirisha ikatoka topeni na bado akamaliza wa pili. Nakubali, na kwa hisani yangu namwongeza Pat Moss, wa tatu mwaka 1962 kwa Saab vilevile. Lakini mshindi wa 1964 alikuwa Peter Hughes katika Ford Cortina GT, iliyosukumwa nyuma. Tena Saab ilikulia katika theluji, na hakuna aliyepata kuagiza Elan kwa ajili ya tope.

Nakiri pia kwamba mikono ya magurudumu ya mbele ya M100, iliyofungwa kila upande juu ya kitako chake chenye bushi laini ili usukani usivute, ni kazi ya ustadi.

Na mwaka uleule, huko Chicago, Mazda waliionyesha MX-5, ambayo wahandisi wake chini ya Toshihiko Hirai walikuwa wameidurusu Elan ya kale kama mwanachuoni adurusuvyo matini: injini imesimama kwa urefu, msukumo nyuma, farasi wasiozidi 120, na uzito usiotimia tani. Iliachwa mbali na M100 kwa mwendo, ikauzwa kwa bei ya chini sana kuliko pauni 19,850 walizotaka Lotus, na kufikia mwaka 2016 zilikuwa zimetengenezwa milioni moja. Bei ilichangia, nakiri, tena sana. Za Hethel zilikuwa 3,855 hadi General Motors walipofunga kazi mwaka 1992; Romano Artioli, mwenye Bugatti, alipoinunua Lotus akaongeza 800 za kumalizia injini zilizosalia; kisha haki za Elan hiyo zikauzwa kwa Kia, ambao walianza kuitengeneza Korea mwaka 1996.

Mwaka huohuo Lotus waliitoa Elise: kilo 720 na ushei, nguvu za farasi 118, injini ya Rover iliyozoea kuvuta magari ya familia kwa mbele. Wakaitwaa pamoja na giaboksi yake, wakaiweka nyuma ya viti.