Pongezi kwa Deep Purple

Ni wajibu wa kila apendaye muziki kuwatolea shukurani Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza iliyoasisiwa mwaka 1968, ambayo, ijapokuwa waimbaji na wapiga gitaa wake wameingia na kutoka mara nyingi, haikupoteza hadhi yake. Mwaka 1969 walijiunga Ian Gillan na Roger Glover, na mwaka uliofuata ikatoka sahani ya In Rock, iliyowathibitishia jina. Desemba 1971, kasino ya Montreux, Uswisi, walimokusudia kurekodi, ilipoteketea kwa moto, hawakukata tamaa, bali walihamia katika hoteli iliyofungwa kwa majira ya baridi, wakapanga ala zao ushorobani na kuzuia mwangwi kwa magodoro, ilhali mitambo ya kunasia sauti imo garini nje. Na humo ikazaliwa sahani ya Machine Head. Mwaka 1973 Gillan na Glover wakaondoka, wakaingia David Coverdale na Glenn Hughes. Bendi ikavunjika 1976, ikaungana tena 1984. Katika mageuzi hayo yote, mpiga ngoma Ian Paice peke yake hakukosekana katika safu hata moja. Uthabiti wa namna hiyo wastahiki heshima kuliko umaarufu wenyewe.