Mtazame Mkono Uliolala

Siku hizi kila kijana aliyejifunza kutema viwembe anaitwa fundi. Juzi kwenye mahafali ya shule moja ya huku Amani aliletwa mmoja kutoka mjini: koti la kumetameta, spika mbili, msaidizi aliyejipaka poda hadi shingoni. Alichana noti ya shilingi 10,000 ikarudi nzima, akavuta leso kutoka mdomoni, akala moto. Wazazi wakapiga vigelegele. Mgeni rasmi akainuka kwenda kumtuza, akamtangaza bingwa wa mkoa. Nami niliyekaa kiti cha pembeni nilikuwa nimeiona noti ya pili tangu kijana alipotusalimia. Sina macho makali kuliko wazazi wale. Mkono wake ndio uliokuwa ukipiga kelele.

Mkoa huu wa Tanga ulipata kuwa na watu wa mazingaombwe, tena ulikuwa na watazamaji waliojua kuwapima. Enzi za mkonge, mtu aliyetaka kula kwa kazi hii alifuata mishahara: kambi hii leo, ile wiki ijayo, kisha anapanda na lori kuja Bulwa au Kwamkoro, kwa wachuma chai. Manamba aliyekamilisha kipande chake hakutoa senti kwa mchezo wa kitoto. Alikwisha ona wengi, na hakuona haya kudai kiingilio chake. Watazamaji wa namna hiyo hawapo tena, na ninaamini ufundi umeondoka nao.

Basi kabla hujamsifu mtu, uliza amepita wapi. Aliyekamilika amefanya shule za msingi, gulio, harusi, meza za hoteli ya watalii, mikutano ya kampeni na, tusione aibu kusema, kuuza dawa ya kunguni. Kila mahali pana somo lake. Watoto hawatazami unapotaka watazame, kwa hiyo hila ya kuwapoteza macho watu wazima kwao haifui dafu. Gulioni umezungukwa, mtu yuko nyuma ya mgongo wako na anakula muhindi begani mwako. Hotelini mgeni yuko karibu kiasi cha kukushika mkono. Kwenye dawa ya kunguni unajifunza kitu kigumu kuliko vyote: kuuacha umati umesimama dakika 20 kwa ahadi ya mchezo mmoja ambao huenda usiufanye kabisa. Aliyeanza ukumbini, nyuma ya pazia, na hajatoka humo, huyo ni nusu mtu wa kazi. Hili halina mjadala.

Sasa nije kwenye lenyewe, maana hapa ndipo wasifiaji wote wanapokosea.

Mtazamaji wa kawaida hufuata mkono unaotenda, ule unaopeperusha leso na kuchana noti. Mjuzi huangalia mkono mwingine, ule uliolala. Humo ndimo kazi ilimo. Kiganja kilichoficha kitu hubadilika umbo hata mwenyewe asipojua. Anza na dole gumba: kwa asiye fundi husimama wima au hujibana kwenye kidole cha shahada na halitoki hapo. Halafu vidole vinavyofuata, vimebanana visipitishe mwanga. Panda hadi kwenye kiwiko, utakikuta kimeshikana na ubavu. Kisha ngoja kidogo uone dalili iliyo kubwa kuliko zote: mkono huo umeachishwa kazi. Jamaa anajikuna kwa mkono wa kulia, anashika kipaza sauti kwa wa kulia, anamwita mtoto jukwaani kwa wa kulia, anafuta jasho kwa wa kulia. Wa kushoto umesahauliwa kando ya paja. Mkono wa mtu mzima hauishi hivyo. Hata ukiwa umekaa kwenye baraza unapiga soga, mikono yako miwili inapokezana.

Fundi hufanya kinyume. Sarafu iko kiganjani, na mkono huohuo unakunja mkono wa shati, unamnyooshea kidole mtoto wa mstari wa mbele, unapokea kiberiti, unainua kikombe cha chai. Ukimtazama huoni kitu kinachofichwa, kwa sababu yeye mwenyewe ni kama hana habari nacho.

Palikuwa na mzee mmoja wa Muheza ambaye mchezo wake mkubwa ulikuwa ndimu. Ilipotea mbele ya macho ya watu, ikaibuka chini ya kofia ya mtu aliyekuwa akicheka kuliko wenzake. Watu waliikodolea macho ile kofia. Walichokuwa hawakioni ni kwamba mzee alikuwa na ndimu ya pili katika vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto tangu mlangoni, na kwa mkono huohuo, kwa dole gumba na shahada, alikuwa akipokea viingilio na kurudisha chenji. Kila mmoja wao alikwisha pewa senti zake na mkono wenye ndimu! Wanafunzi wake aliwatuma gulioni asubuhi na sarafu kiganjani, wanunue samaki, wabishane bei, wabebe kikapu, warudi jioni nayo palepale. Aliyeidondosha alianza upya wiki iliyofuata. Alikuwa akisema mkono usio na kazi hujitangaza.

Jicho nalo ni ndugu wa mkono. Uskoti, katika mji wa Ayr, alikuwako John Ramsay, mwenye duka la vyakula aliyefariki mwaka 1962, ambaye mafundi wakubwa wa dunia walimheshimu mno. Fundisho lake lilikuwa jepesi: ukitaka watu watazame kitu, kitazame wewe kwanza, ukitaka wakutazame wewe, watazame wao. Yule kijana wetu wa mahafali alichungulia kiganja chake cha kushoto, mara moja tu, kabla ya kuchana noti. Kwangu mchezo uliishia hapo.

Kipimo kikali kuliko vyote ni kitu chenye uhai. Abiria wa meli zilizotoka Ulaya kupitia Suez kuja Mombasa na Tanga waliwafahamu Wamisri wa Port Said, wale walioitwa gali-gali, waliopanda melini na kanzu zao kucheza vikombe na vifaranga vya kuku. Kifaranga kina joto, kinapapatika, kinalia. Kukilaza mkononi huku unaongea na kucheka na abiria, dole gumba lisikaze, kisha kukitoa kwenye koti la ofisa mzima wa meli, huo ndio ufundi. Noti ya 10,000 haipigi kelele, na bado kijana wetu ilimshinda.

Kuhusu masanduku nina maneno machache. Mwaka 1921 P. T. Selbit alimkata mwanamke kwa msumeno jukwaani London, na tangu hapo kila mwenye seremala amejiona fundi. Sanduku linafanya nusu ya kazi. Mwenye sanduku hastahili zaidi ya nusu ya makofi. Ninayemtoa katika hukumu hii ni P. C. Sorcar wa Bengali. Aprili 9, 1956, kwenye televisheni ya BBC, alimkata msichana kwa msumeno wa duara, akamwita aamke, msichana asiamke, muda wa kipindi ukaisha. Watazamaji wakapiga simu kwa fujo wakidhani wameshuhudia kifo. Hilo halikutoka kwenye sanduku. Lilitoka kwa mtu aliyejua saa ya kunyamaza.

Linaloudhi ni kwamba mikono mizuri ninayoiona miaka hii iko stendi, kwa wahuni wa karata tatu. Dole gumba limelegea, kiwiko kinacheza, jicho halichungulii kamwe. Lakini waondolee yule mwenzao waliyemchomeka kwenye umati, anayeshinda kila mara kwa furaha ya uongo, uone kama mikono hiyo itampatia mtu ugali. Tena mazingaombwe humdanganya mtu kwa ridhaa yake, kwa kiingilio alichokwisha lipa. Karata tatu humdanganya kwa nauli yake ya kurudi nyumbani.

Wabaya zaidi ni wanaomaliza mchezo kwa kuuza hirizi. Nchi hii ina sheria ya uchawi tangu mwaka 1928, nayo humgusa hata anayejidai tu kuwa na nguvu hizo. Mafundi wa zamani hawakungoja kukumbushwa na polisi. Walifungua kwa kusema wazi kwamba hiki ni kiinimacho, kisha wakakuduwaza vilevile. Hata Robert-Houdin, ambaye mwaka 1856 Ufaransa ilimtuma Algeria awatishe wananchi kwa kisanduku ambacho mwenye nguvu hakuweza kukiinua, mwishowe aliwaeleza kwamba ni ufundi tu. Ilikuwa sumaku ya umeme. Simpi alama nyingi kwa safari ile, ila kwa kusema ukweli nampa zake.

Wala jina lisikubabaishe. Mkoa wetu unaupenda uprofesa: marehemu Stephen Ngonyani, mganga wa jadi aliyejulikana kwa jina la Profesa Maji Marefu, alilibeba jina hilo hadi bungeni, akiwa mbunge wa Korogwe Vijijini kuanzia 2010 hadi alipofariki 2018. Yeye alikuwa na uganga wake na siasa yake. Ila mtu wa mazingaombwe akijiita Profesa kwenye bango, mwombe kwanza akushikie kikombe cha chai.

Mengine nayasema kwa ufupi. Koti lisimetemete. Msaidizi asicheze muziki. Mchezo mmoja usirudiwe mbele ya watu walewale, hata wakilia. Leso ziwe nyeupe. Kula moto si mazingaombwe, ni ujasiri, na ujasiri una tuzo zake kwingine. Mwenye kuhitaji spika mbili hana maneno.

Ninyi mnaoandaa mahafali na harusi, kabla ya kumlipa mtu malipo ya awali, mwiteni nyumbani mchana. Mwekeni katikati ya sebule bila muziki, watu wakae pande zote, na mmoja wenu akae kushoto kwake. Mpeni chai. Mkiona mkono uliolala, mrudishieni nauli yake aende zake. Mkijikuta mmesahau kuutazama, mlipeni anachotaka, wala msiombe punguzo.