Nani Alichelewa? Uhakiki wa Lugha ya Ushuhuda wa Walinzi wa Mahabusu, kutoka Hola hadi Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya watu waliowahi kulinda mahabusu, kisha wakasema miaka mingi baadaye juu ya mateso yaliyotendeka mbele yao au kwa mikono yao. Mfano mkuu ni kambi za kizuizini za Kenya katika miaka ya 1950, kwa kuwa ushuhuda wake umekwisha kuchapishwa, kupingwa na kupimwa mahakamani. Mfano huo unatumiwa kuitazama Burundi ya baada ya 2015. Hoja ni mbili. Kwanza, kuchelewa kwa ushuhuda ni tabia ya wasikilizaji kama ilivyo tabia ya msemaji. Pili, kauli za kitenzi, hasa ya kutendwa na ya kutendeka, humwezesha shahidi kukiri tukio bila kumtaja mtenda. Kwa hiyo anayepokea ushuhuda anapaswa kuisikiliza sarufi yake.

1. Utangulizi

Mutakura ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Cibitoke. Ni mtaa wangu, nami nauandikia nikiwa ndani yake. Mwaka 2015 ulitajwa miongoni mwa mitaa ya upinzani: maandamano yalianza tarehe 26 Aprili, siku moja baada ya chama tawala kumteua Pierre Nkurunziza kugombea urais tena, tarehe 13 Mei likafuata jaribio la mapinduzi lililoshindwa, na tarehe 11 Desemba kambi za jeshi zilishambuliwa, ikafuatwa na misako katika mitaa kadhaa ya mji. Serikali ilitangaza kuwa waliokufa katika matukio hayo ya Desemba ni 87. Mashirika ya haki za binadamu na wakazi walisema kuwa miongoni mwa waliouawa walikuwamo watu wasio wapiganaji.

Mwezi Septemba 2016 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliunda Tume ya Uchunguzi kuhusu Burundi. Ripoti yake ya Septemba 2017 ilisema kuna sababu za kutosha za kuamini kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu ulikuwa umetendeka tangu Aprili 2015, yakiwamo mateso na kuwekwa watu kizuizini kinyume cha sheria. Serikali iliikataa ripoti hiyo. Mwezi Desemba 2018 BBC ilitangaza uchunguzi juu ya nyumba iliyodaiwa kutumiwa kwa mateso na mauaji jijini Bujumbura, ambamo watu waliokuwa zamani katika vyombo vya usalama walisema wakiwa uhamishoni. Serikali ilikanusha, na mwezi Machi 2019 BBC ilinyang'anywa kibali cha kufanya kazi nchini, hadi kiliporejeshwa 2022.

Mhakiki wa lugha hana mamlaka ya kuamua nani katika mabishano haya anasema kweli. Hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini anaweza kuuliza swali ambalo mahakama huliuliza kwa nadra: mlinzi wa zamani anapofungua kinywa, sentensi zake zinafanya kazi gani?

2. Kenya: waliosema mapema na waliosema baadaye

Mazungumzo ya kawaida hudhani kwamba mateso ya kambi za Kenya yalifichwa hadi wanahistoria walipoyafukua. Kumbukumbu zinapinga. Mwaka 1956 Eileen Fletcher, aliyekuwa ameajiriwa katika kazi ya kile kilichoitwa urekebishaji, alirudi Uingereza na kuchapisha aliyoyaona, pamoja na habari za wasichana wadogo waliofungwa Kamiti. Mapema 1959 Victor Shuter, aliyekuwa ofisa wa magereza, alitoa taarifa ya kiapo juu ya vipigo kambini. Walijibiwa kwa kukanushwa, na sifa zao zikashambuliwa bungeni.

Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 waliuawa Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilivihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa kutoka gari la maji. Uchunguzi wa vifo ulithibitisha kuwa walikufa kwa vipigo. Hata hivyo hakuna mlinzi aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Tazama jinsi maelezo yalivyosafiri: kutoka "walikufa", kitenzi kisicho na mtenda, hadi "waliuawa", kitenzi kinachodai mtenda na kunyimwa. Safari ikaishia hapo. Sentensi yenye kiima, "fulani aliwaua", haikuandikwa na mahakama yoyote.

Waliosema baadaye ni kundi jingine. Terence Gavaghan, aliyesimamia kambi za Mwea kuanzia 1957, alitoa kwanza riwaya, Corridors of Wire (1994), kisha kumbukumbu zake, Of Lions and Dung Beetles (1999), na mwaka 2002 akahojiwa katika filamu ya BBC juu ya kambi hizo. Mfuatano huo una maana kwa mhakiki. Bunilizi ilikuja mbele, wasifu ukafuata: mwandishi alijipatia kwanza chumba ambamo mambo yangeweza kusemwa bila yeye kuwa msemaji. Alipofika kusema kwa jina lake, alikiri kuwa nguvu ilitumika, lakini aliiweka ndani ya utaratibu ulioidhinishwa na wakubwa.

Msamiati wa utaratibu huo wenyewe unastahili uhakiki. Mfumo wa kambi uliitwa kwa jina la bomba, kana kwamba watu ni maji. Mbinu ya Mwea, ya kuwatia mahabusu wachache waliokataa kukiri kiapo katikati ya wengi waliokwisha kulegea, iliitwa kwa neno ambalo Kiswahili kingesema "kuzimua", kama anavyofanya mtu anayepunguza ukali wa siki. Kabla kipigo hakijaelezwa, lugha imekwisha kumgeuza anayepigwa kuwa kimiminika.

John Nottingham ni mfano wa namna nyingine. Alikuwa bwana shauri wa kikoloni, akabaki Kenya baada ya uhuru na kuwa mchapishaji, na mwaka 1966 alishirikiana na Carl Rosberg katika kitabu kilichopinga tafsiri rasmi ya Mau Mau. Katika filamu ile ile ya 2002 alisema waziwazi kuwa mateso yalitendeka na kwamba waathirika wanastahili fidia. Watu hawa wawili walisema wakiwa wazee, mbele ya kamera moja. Kilichowatenganisha ni nafasi ambayo kila mmoja alimpa aliyeteswa katika maelezo yake.

3. Sarufi ya kukiri

Tuchukue tukio moja la kubuni, la mkono uliovunjika, tulipitishe katika vinywa mbalimbali:

(a) Mkono ulivunjika.
(b) Mkono ulivunjwa.
(c) Alivunjwa mkono.
(d) Tuliambiwa tumvunje mkono.
(e) Niliuvunja mkono wake.
(f) Nilimvunja mkono.

Katika (a) kauli ya kutendeka inaliweka tukio mahali pa ajali. Mkono unavunjika kama kikombe. Katika (b) tunajua kuwa yupo mtenda, lakini mlango umefungwa. Katika (c) mlango bado umefungwa, ila mtu mwenye mkono ameingia: yeye ndiye kiima, na tukio limempata yeye mzima. Sentensi (d) inafanya jambo la hila zaidi. Kiambishi -w- kimemhama aliyeumizwa kikamwendea mlinzi: sasa ni mlinzi aliyetendwa, aliyeambiwa, na kiti cha mwathirika kimepata mtu mwingine. Katika (e) mlinzi amejitaja, lakini kiambishi cha yambwa -u- kinauwakilisha mkono. Ni katika (f) tu kwamba watu wawili wanakutana ndani ya neno moja: ni-li-m-vunja. Mtenda na mtendwa wamesimama pande mbili za wakati uliopita, na mkono umewafuata nyuma.

Huu si mchezo wa darasani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, ambao Burundi ni mwanachama wake, unasema katika ibara ya 2 kwamba amri ya mkubwa haiwezi kuwa uhalali wa mateso. Na kanuni ya adhabu ya Burundi inayataja mateso kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo tofauti ya (d) na (f) ni tofauti ya kisheria kabla ya kuwa ya kimtindo. Anayeandika (f) kwa muhtasari kuwa (c) ameondoa ungamo kwenye jalada. Anayeandika (d) kuwa (f) amemtia shahidi hatiani zaidi ya alivyojitia mwenyewe.

Pingamizi ni la haki: je, hatumwonei shahidi tukimhukumu kwa viambishi? Aliyeteswa naye husema "nilipigwa" bila kumtaja aliyempiga, kwa kuwa alifungwa macho au kwa kuwa bado anamwogopa. Kauli ya kutendwa si ushahidi wa udanganyifu, na "ni-" si ushahidi wa ukweli, kwani mtu anaweza kununuliwa akiri asilolitenda. Ninakubali. Sarufi haitoi hukumu. Inaonyesha mahali pa kuuliza swali linalofuata. Shahidi akisema "ulivunjika", mhoji aliyefunzwa atauliza: wewe ulikuwa umesimama wapi? Akisema "tuliambiwa", atauliza: ni nani alisema, kwa maneno gani, na nani alinyamaza?

4. Bujumbura: lugha tatu za jalada moja

Katika Bujumbura ugumu unaongezeka, kwa sababu ushuhuda hupita lugha kadhaa. Mkazi wa Buyenzi atasimulia kwa Kiswahili. Wa Mutakura pengine kwa Kirundi, akichomeka maneno kama "kasho", neno lililotoka Kifaransa. Jalada litaandikwa kwa Kifaransa, na ripoti ya kimataifa kwa Kiingereza. Kirundi na Kiswahili ni ndugu katika jambo hili: Kirundi kinatofautisha kuvuna na kuvunika kama Kiswahili kinavyotofautisha kuvunja na kuvunjika. Kifaransa kinaleta kiwakilishi "on", ambacho kinaweza kubeba "tulimvunja", "walimvunja" na "alivunjwa" kwa uzito ule ule. Mfasiri mwaminifu asiyekusudia ubaya wowote anaweza kwa neno hilo moja kuwaondoa watenda wote katika ukurasa.

Kuna tatizo jingine la majina. Walinzi wa zamani wanaosema wakiwa uhamishoni mara nyingi huficha majina na nyuso zao, na wana sababu. Lakini kuficha jina la msemaji na kumficha mtenda ndani ya sentensi ni mambo mawili. Shahidi asiye na jina anaweza kusema "nilimvunja mkono". Shahidi mwenye jina anaweza kusema "mkono ulivunjika". Yakichanganywa, ulinzi wa shahidi huwa kisingizio cha ushuhuda uliolegea, na upande unaoukanusha hupata kazi rahisi.

Zaidi ya hayo, mfano wa Kenya unatuonya juu ya nani anayeandika. Vitabu vimeandikwa na maofisa. Waliobeba marungu Hola walikuwa askari wa Kiafrika, na sauti zao ni chache mno katika maktaba. Walizeeka vijijini pamoja na watu waliowapiga, na wengi wamekwisha kufa. Burundi ikisubiri kumbukumbu za wakubwa, itarudia pengo hilo.

5. Nani alichelewa?

Waathirika watano wa Kenya walifungua kesi London mwaka 2009. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na mafaili ya kikoloni yaliyokuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, yakiwamo ya Kenya yapatayo 1,500. Tarehe 6 Juni 2013 ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Kutoka Fletcher hadi siku hiyo ni miaka 57. Yeye hakuchelewa. Shuter hakuchelewa. Waliochelewa ni waliokuwa na mafaili na waliokuwa na masikio. Mwenye kovu usidhani kapoa, wasema wahenga. Na katika miaka hiyo wenye makovu wengi walizikwa kabla ya malipo.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi iliundwa kwa sheria ya Mei 2014. Sheria ya 2018 ilirudisha muda wa uchunguzi wake nyuma hadi 1885, lakini mwisho wake ni 2008. Mlinzi wa mwaka 2015 anayetaka kusema leo hana kiti mbele ya Tume hiyo. Anabakiwa na mwandishi wa habari wa ng'ambo, au kimya. Kisha tutamwita aliyechelewa.

6. Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu ninapendekeza mambo manne kwa watunga sera wa kanda. Kwanza, ushuhuda urekodiwe na kuhifadhiwa katika lugha ya msemaji, tafsiri ikikaa kando yake wala isichukue nafasi yake. Pili, wahoji na wafasiri wafunzwe kutambua kauli za kitenzi na kuuliza pale mtenda anapokosekana, bila kumlazimisha shahidi ajibu. Tatu, jina la shahidi litunzwe kwa siri ya kisheria, lakini maelezo yake juu ya nani alitenda nini yaandikwe kwa ukamilifu. Nne, iwepo hifadhi salama ya ushuhuda wa matukio ambayo bado hayana tume, ili anayetaka kusema sasa asihitaji kungoja sheria ya kesho.

Pendekezo la nne ndilo la haraka. Mengine matatu yanaweza kurekebishwa baadaye, maadamu sauti imehifadhiwa. Sauti ya mlinzi aliyekufa bila kuulizwa haina wa kuirekebisha, na aliyevunjwa mkono atabaki na sentensi (a) peke yake.