Sauti Iliyo Juu ya Picha

Kwa muda mrefu nimesita kuandika habari za sinema, kwa kuwa nilidhani ni jambo la vijana na la watu wa mjini. Walakini usiku mmoja wa mwezi wa Juni, wakati baridi ya milima yetu inapokaza, nilikwenda kuketi katika kibanda cha video, na yale niliyoyaona na kuyasikia huko yaliniondolea usingizi. Basi naomba mnivumilie niyaeleze, na mwenye shauri lililo jema kuliko langu asiache kuliandika.

Nianze na maudhi, maana hayo ndiyo yanayomfika mtu kwanza. Tulitangaziwa kwamba picha itaanza saa moja. Ilianza saa tatu kasoro robo. Jenereta iliwekwa nyuma ya ukuta wa mabanzi, ikawa yanguruma kama lori la kabichi linalopanda mlima. Mbele yangu aliketi bwana mmoja mwenye kofia pana, hata kila mtu niliyemwona katika picha alikuwa nusu mtu na nusu kofia. Nyuma yangu alikuwako kijana aliyekwisha kuitazama picha ile mara tatu, naye alitutangulia kutuambia nani atakufa. Hayo yote ni maudhi madogo, na mtu akiwa na kiasi huyavumilia. Lakini lilikuwako udhia moja kubwa nisiloweza kulivumilia, nalo lilikuwa sauti.

Picha yenyewe ilitoka nchi ya mbali ya Mashariki, na waigizaji wake walisema lugha yao. Juu ya sauti zao iliwekwa sauti ya mtu mwingine, aliyetufasiria kwa Kiswahili. Kufasiri ni kazi njema; bila ya kazi hiyo jirani zangu wengi wasingefahamu neno. Wako wafasiri wanaoifanya kwa heshima na ufundi, nasi tunawashukuru. Lakini huyu wa usiku ule hakuridhika kufasiri. Alitia matusi pasipo matusi, akamdhihaki kila mzee aliyeonekana, na palipokuwa na ukimya akaujaza porojo.

Ilifika mahali ambapo mama mmoja ameletewa habari kwamba mwanawe amekufa vitani. Yule mwigizaji aliifanya kazi yake vizuri sana. Hakupiga yowe wala hakujitupa chini. Alichukua nguo ya mtoto, akaikunja polepole, akaikunjua, akaikunja tena, kama mtu asiyejua mikono yake inafanya nini. Mimi siijui lugha yake, lakini huzuni ile haikuhitaji mfasiri. Mara ile sauti ikasema neno la mzaha juu ya nguo, na kibanda kizima kikacheka. Hata mimi midomo yangu ilianza kucheka kabla ya moyo kuikataza. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilijiuliza: Je, nimemcheka mama mwenye msiba? Na ni nani aliyenifanya nicheke? Picha haikunifanya, ila sauti iliyowekwa juu ya picha.

Ndugu zangu, jambo hili si geni katika nchi yetu. Lina historia, na katika historia hiyo makanisa yetu pia yamo.

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ilianzishwa kazi iliyoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ambayo twaweza kuiita Jaribio la Sinema ya Kuwafundisha Waafrika. Wazo lake lilitoka kwa J. Merle Davis, wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na fedha nyingi zilitolewa na Carnegie Corporation ya Marekani. Meja L. A. Notcutt alisimamia upigaji wa picha, na G. C. Latham alisimamia mambo ya elimu. Kazi ilipokoma mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi 35 hivi, juu ya safura, malaria ya watoto, akiba ya posta, kodi na mengineyo. Walizizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Moja ya filamu zao, ya mwaka 1936, ilipigwa hapa chini ya milima yetu, pale Kingolwira kwenye njia ya kwenda Dar es Salaam, kuonyesha jaribio la kuwaweka wakulima katika mashamba yaliyopangwa. Filamu hiyo ni miongoni mwa chache zilizosalia, nayo imehifadhiwa Uingereza.

Sasa angalieni neno hili. Filamu zile hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, na sahani ikachezwa pamoja na picha. Hivyo picha ile ile iliweza kusemeshwa lugha mbalimbali, mahali kwa mahali. Ilikuwa ni werevu, wala siwalaumu kwa hilo. Lakini maana yake ni kwamba mkulima aliyeonekana akilima katika picha hakusikika akisema neno lake mwenyewe. Alitoa mikono na mgongo, na sauti ikaletwa na mwingine.

Baadaye, mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliunda idara iliyoitwa Colonial Film Unit, chini ya William Sellers, aliyekuwa ametengeneza filamu za afya huko Naijeria. Bwana huyo alishika kanuni kwamba Mwafrika wa shamba hawezi kufuata picha kama watu wengine, kwa hiyo lazima picha iende polepole, isirukeruke, tena awepo mtu wa kusimama kando na kueleza. Ili kuitia nguvu kanuni ya namna hiyo, hadithi moja imesimuliwa mara nyingi. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya kuwafundisha usafi, na ilipokwisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: Tumeona kuku. Wenye filamu wakashangaa, maana hawakujua kwamba mna kuku ndani yake. Walipoichunguza tena wakamkuta kuku kweli, amepita pembeni kitambo kidogo tu.

Hadithi hii husimuliwa ili watu wacheke ujinga wa wanakijiji. Mimi nasema wanakijiji wale walikuwa na macho makali. Mwenye filamu aliitazama kazi yake asimwone kuku. Wao walimwona mara moja. Tena kuku ni mali, na mtu huona kwanza kile anachokijua thamani yake. Wenyeji walisema waliloliona. Kosa ni la aliyesikia jibu lile akadhani limeonyesha upungufu wao, asijiulize jibu hilo lamfundisha nini yeye mwenyewe.

Nami sina haki ya kuwahukumu watu wa zamani pasipo kujihukumu kwanza. Si siku nyingi zilizopita wageni walikuja shuleni na filamu ya kunawa mikono. Ilipokwisha niliwauliza watoto wameona nini. Mvulana mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, nimeona yule mama ana bomba la maji ndani ya nyumba." Nilimkemea nikamwambia aketi, kwa kuwa somo lilikuwa mikono, halikuwa bomba. Ndipo jioni, nilipowaona watoto wakipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, nikafahamu kwamba mvulana yule ndiye aliyeliona jambo lenyewe. Kwao maji ya kunawa mara tano kwa siku yana uzito, na uzito huo huchukuliwa na shingo zao. Mimi mwalimu niliitazama filamu ile nisimwone kuku.

Tugeukie mambo ya serikali, maana hayako mbali na haya. Wazee wetu wakumbuka Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, ulioendeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi ili mvua isichukue udongo. Hatari yenyewe ilikuwa ya kweli. Asiyejua kwamba udongo wa milima hii huteremka hajapata kuishi hapa wakati wa masika. Lakini kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi uchimbaji ulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, na watu waliogopa kwamba ardhi yao itachukuliwa. Walipokataa walitozwa faini. Mwezi wa Julai mwaka 1955 zikatokea ghasia huko Matombo, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hayo kulazimisha matuta kukaachwa.

Bibi yangu, mama mzaa mama, alikuwa msichana wakati ule. Nilipomwuliza kosa lilikuwa wapi alinijibu kwa maneno machache: "Walikuja na maneno, mjukuu wangu, hawakuja na masikio." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walakini huku kwetu Mgeta matuta yapo hata leo, yamebeba kabichi, karoti, njegere na viazi, wala hakuna askari anayeyalinda. Yamedumu kwa sababu maji ya mifereji yapo, mboga hupata bei, na mkulima mwenyewe ameona faida. Basi matuta si mabaya, kama vile picha si mbaya. Ubaya ni neno lililokwisha kutiwa katika sahani, lisilongojea jibu la mtu.

Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1950, Serikali iliiajiri kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza michezo ya picha kwa Kiswahili, yenye waigizaji Waafrika. Mmoja uliitwa Muhogo Mchungu, habari za mtu wa shamba aingiaye mjini Dar es Salaam na kuvamiwa na walaghai. Watu waliipenda, maana walisikia lugha yao vinywani mwa watu waliofanana nao. Mkuu wa waigizaji hao alikuwa kijana mtumishi wa ustawi wa jamii, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Michezo ile ilitengenezwa ili kumwonya mtu wa shamba na kumwelekeza, na kijana yule alivaa nguo za mshamba akachekwa. Lakini mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, akisema madai yao kwa sauti yake mwenyewe. Na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa nchi iliyo huru. Alishika tena cheo hicho toka 1972 hata 1977, akafariki tarehe 31 Desemba 2009. Wale waliomtia katika picha ili aseme waliyoyataka hawakujua kwamba ana yake ya kusema.

Leo hatutazami tena filamu za Serikali ya kikoloni. Twatazama za India, za Marekani, za China, na hizi zetu zinazotengenezwa Dar es Salaam. Juu ya hizi zetu nitasema wazi. Nazipenda, kwa kuwa nafahamu kila neno pasipo mtu kusimama katikati. Lakini nyingi zina makosa mawili. La kwanza, waigizaji hudhani kwamba kuigiza hasira ni kupiga kelele, na kuigiza huzuni ni kulia robo saa nzima. Na wajifunze kwa yule mama aliyekunja nguo. La pili, nyumba ni zile zile za fahari, zenye viti vya ngozi na gari mlangoni, na mtu wa shamba akionekana huwa ni mlinzi wa geti au mchawi. Miaka sabini baada ya Muhogo Mchungu, mshamba bado anachekwa. Sijapata kuona katika michezo hiyo mwanamke wa milimani akiteremsha mboga gulioni Nyandira alfajiri, akipatana bei na mchuuzi, akirudi na fedha za ada ya mwanawe. Habari hiyo ina hofu, ujanja, furaha na machozi ya kutosha mchezo mzima.

Wasomaji wengine watasema: Mwalimu, dawa ni kuvifunga vibanda. Sikubali. Vijana watatazama katika simu zao gizani, kila mtu peke yake, na hapo hapana hata jirani wa kunong'onezana naye. Afadhali kibanda. Nawaomba wenye vibanda mambo matatu mepesi: waanze kwa saa waliyotangaza, wasiwaingize watoto wadogo usiku, na wamchague mfasiri mwenye adabu, kwa kuwa anayetoa kiingilio ana haki ya kusikia waliyoyasema wenyewe.

Nanyi wazazi na walimu wenzangu nawaomba jambo la nne, ambalo ni gumu zaidi. Picha ikiisha, jenereta ikizimwa, tusikimbilie kulala. Na tuwaulize watoto: Umeona nini? Ni nani aliyesema, na ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema? Je, wewe ungemjibu nini? Kisha tunyamaze tusikie, hata wakisema wameona kuku. Wenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye macho huhitaji kuulizwa ameona nini, la sivyo atazoea kuona anavyoambiwa.

Mimi nimekwisha kuanza darasani kwangu. Siku ya kwanza nilimwita yule mvulana wa bomba, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, nikamwambia awe wa kwanza kusema. Alisema muda mrefu.

Ni mimi, mwalimu wenu,
Mgeta, Uluguru